Jembe la Apolo: mtu aliyevuka Rwenzori akielekea kinyume na sisi

 

Wengi wetu tulioko Bwera na Kasese tulikuja kwa njia ile ile. Tulipita Kasindi, tukavuka mto Lhubiriha, tukaingia Mpondwe, tukaulizwa majina. Basi tumezoea kufikiri njia hii ina mwelekeo mmoja tu: taabu iko kule, usalama uko huku. Lakini karibu miaka 130 iliyopita kuna mtu alivuka milima hii akielekea kinyume. Alitoka Uganda akaenda upande ambao leo ni Kongo, akanyimwa chakula, akapigwa, akafungwa gerezani, kisha akarudi tena kule kule walikompiga. Anaitwa Apolo Kivebulaya. Wandugu Waanglikana kutoka Boga na Bunia wanamjua tangu utoto. Sisi wengine tuliokulia makanisa ya Kipentekoste na ya Kikatoliki wengi hatujawahi hata kusikia jina lake, na hiyo si haki, kwa sababu huyu ni mtu wa eneo letu.

Alizaliwa Buganda, kama mwaka 1864. Ujana wake ulipita katika nyakati mbaya. Mfalme Mwanga alikuwa amewaua Wakristo vijana kati ya 1885 na 1887, wale tunaowakumbuka kila 3 Juni kama Mashahidi wa Uganda. Baada ya hapo vikaja vita vya dini, Waislamu na Wakristo, halafu Wakristo wenyewe kwa wenyewe, Wakatoliki na Waprotestanti. Yaani kijana wa wakati ule akisema "nimeokoka" alikuwa anasema pia yuko upande gani wa bunduki. Apolo alikuwa amesikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, lakini hakuharakisha. Alibatizwa mwanzoni mwa 1895, ana miaka kama 30 hivi. Jina alilopewa ni la yule Apolo wa Matendo ya Mitume, Myahudi wa Aleksandria aliyejua Maandiko. Lile la pili, Kivebulaya, ni la utani: kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya nguo za kizungu alizopenda kuvaa. Kumbe hata watakatifu wanapewa majina ya mtaani.

Mwaka huo huo wa 1895 akatumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Hapo Kasese bado haujakuwa mji. Huu mji tunaouona ulikua pamoja na shaba ya Kilembe na reli iliyofika mwaka 1956. Watu wa kutoka mbali walijua zaidi chumvi ya Katwe, na ni chumvi hiyo iliyomfanya Kapteni Lugard ajenge ngome pale mwaka 1891. Kwa hiyo msimfikirie Apolo akipita kwenye lami akaulizwa kadi ya ukimbizi. Mpaka wenyewe wazungu walikuwa bado wanabishana uwe wapi.

Ng'ambo ya Semliki, juu kwenye ukingo wa bonde, palikuwa na nchi ndogo ya Mboga. Leo tunaandika Boga, na iko Ituri. Chifu wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walikuwa wametangulia kule, na wote wawili wakashindwa. Hawakushindwa kwa upanga. Tabaro aliwakatalia chakula tu. Mwalimu wa dini siku hizo aliishi kwa mkono wa wenyeji. Wenyeji wakifunga mkono, ama unaondoka ama unakufa. Wakaondoka.

Hapa nataka tusimame kidogo. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu Apolo shujaa, na katika mahubiri hayo Petero na Sedulaka wanakuwa mfano wa watu wenye imani haba. Mimi sikubali. Wale vijana walitembea mpaka mahali ambapo hakuna mtu wa kwao, wakafundisha, wakalala njaa. Tumbo likikauka mtu anaondoka, na hilo wala si dhambi. Sisi tunaojua maana ya kukatwa rashoni tuwe wa mwisho kuwacheka. Tangu 2023 shirika la WFP limewapanga wakimbizi wa Uganda kwa makundi, na waliowekwa kundi la tatu hawapewi tena chakula wala pesa. Kuna watu wazuri, waombaji, waliotoka kambini Rwamwanja na Kyaka II kwa sababu hiyo, wakaja mjini kutafuta vibarua. Hakuna aliyerudi nyuma kiroho kwa sababu amefuata chakula.

Apolo alifika Mboga mwishoni mwa 1896. Chifu akamfanyia yale yale aliyowafanyia wenzake. Tofauti ni kwamba Apolo alijipatia jembe na kujilimia chakula chake mwenyewe. Ni hivyo tu. Hakuita moto kutoka mbinguni, hakumlaani Tabaro. Alifundisha watu kusoma, na kwenye nafasi aliyobaki nayo alilima. Naona hii ndiyo sehemu inayofaa kusimuliwa kuliko zote, na mara nyingi inarukwa ili kufika haraka kwenye ndoto, ambayo nitaifikia.

Inanikumbusha barua ya Yeremia. Kila mmoja wetu anajua Yeremia 29:11. Iko kwenye status, kwenye kalenda za kanisa, hata nyuma ya boda boda: mawazo mema ya Mungu, tumaini siku za mwisho. Lakini someni kuanzia mwanzo wa sura, taratibu. Ile ni barua iliyoandikwa kwa wakimbizi! Watu wa Yerusalemu walikuwa wamepelekwa Babeli kwa nguvu. Manabii fulani walikuwa wanawaambia eti mtarudi karibuni, msijisumbue kufungua mizigo. Yeremia anawaandikia kinyume: jengeni nyumba, limeni bustani, mle mazao yake, oeni, ombeeni amani ya ule mji mliopelekwa, kwa sababu ukipata amani na ninyi mtapata. Halafu mstari wa 10, ambao hakuna anayeuweka kwenye status, unasema kurudi ni baada ya miaka 70. Ndipo inakuja ile ahadi ya mstari wa 11. Ahadi ilikuja pamoja na jembe, na pamoja na hesabu ya miaka ambayo wengine wao wasingeifikisha.

Turudi Mboga. Watu wakaanza kumsikiliza Apolo, na chifu akaona uwezo wake unapungua. Alipigwa vibaya zaidi ya mara moja. Halafu, kama mwaka 1898, likatokea jambo zito. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali. Apolo akashtakiwa kwa mauaji, akafungwa, akasafirishwa mpaka Toro kwa wakuu wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Hebu fikiri: wewe ni mgeni, umekuja kwa jina la Yesu, na sasa unaitwa muuaji kati ya watu wasiojua lugha yenu vizuri na hawana haraka ya kuuliza. Wengi wetu tumekaa kwenye viti vya kungoja kusikilizwa, tunajua jinsi mtu anavyoanza kujiuliza labda kweli ana kosa.

Katika dhiki ile ya Mboga ndipo Apolo alipomwona Kristo katika maono. Yeye mwenyewe aliyasimulia maisha yake yote: Kristo alimtokea aking'aa, akamtia moyo, akamwahidi kuwa pamoja naye. Mwandishi wa historia hawezi kupima maono. Anaweza tu kupima mtu alifanya nini baadaye. Mashtaka yalikosa ushahidi, Apolo akaachiwa, na alikuwa na kila sababu ya kubaki Toro alikopendwa. Akarudi Mboga.

Tabaro alipomwona amerudi alishangaa. Na baada ya muda yule chifu, yule yule aliyewanyima watu chakula, akaomba kufundishwa, akabatizwa jina la Paulo. Jina lilimfaa.

Sasa, ndugu, tuwe waangalifu na sehemu hii. Ni rahisi kuifanya hadithi ya kanuni: vumilia, na adui yako atabatizwa. Haiko hivyo kila mara. Askofu Mkuu Janani Luwum alimvumilia Idi Amin, akauawa Februari 1977, na Amin hakubatizwa na mtu. Mwenzake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi huku huku magharibi, aliambiwa yeye anafuata. Je, alikaa aonyeshe imani? Alikimbia. Usiku, kwa miguu, yeye na mke wake Mera walipanda milima mpaka Rwanda. Askofu mzima akawa mkimbizi kama wewe na mimi. Kitabu alichokiandika uhamishoni akakipa jina la kushangaza, I Love Idi Amin, na watu wengi wa Uganda walikasirika kusikia jina hilo, nami nawaelewa. Lakini pia alianzisha mpango wa kuwasaidia Waganda waliokimbia, hasa wanafunzi, wapate masomo. Amin alipoanguka 1979 akarudi nyumbani. Kwa hiyo Apolo alirudi hatarini, Luwum alibaki, Kivengere alikimbia, Petero na Sedulaka waliondoka kwa njaa. Wote ni wa kanisa moja. Mtu akikuuliza "kama una imani kwa nini ulikimbia Beni?", una majibu hapo.

Nasema hivyo kwa sababu swali hilo si la kubuni. Kuna mahubiri niliyoyasikia mwenyewe, kanisa silitaji, ambapo mhubiri alisema mkimbizi ni mtu ambaye laana ya ukoo wake haijavunjwa, na sadaka fulani itaivunja. Mama mmoja alitoa pesa ya chumvi na sabuni. Hiyo si injili aliyoipeleka Apolo Mboga. Yeye aliomba shamba, hakuomba sadaka ya kuvunja laana.

Wanaotupokea hapa nao wana majeraha, na wenzetu wa mashirika wakati mwingine wanasahau hilo wanapogawa watu kuwa "wenyeji" na "wakimbizi". Bakonzo wa upande huu na Banande wa upande ule ni watu wa lugha moja kabisa. Ukisikia bibi wa Bwera akisalimiana na bibi wa Beni sokoni huwezi kujua nani kavuka. Mlima huu uliona uasi wa Rwenzururu kuanzia 1962, ulioongozwa na mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, na uliendelea miaka 20 mpaka mwanawe alipotelemka na silaha mwaka 1982. (Mwana huyo ndiye mfalme wa sasa, Charles Wesley Mumbere. Charles Wesley ni jina la yule Mwingereza mtunzi wa nyimbo za kanisa. Hapa mpaka ufalme una harufu ya kitabu cha nyimbo.) Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na miaka iliyofuata maelfu ya watu wa Kasese na Bundibugyo walilala kambini ndani ya nchi yao wenyewe. Novemba 2016 zaidi ya watu 100 walikufa Kasese mjini katika mapigano ya ikulu ya mfalme. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuharibu hospitali ya Kilembe.

Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo alifia hospitali ya Bwera kwa Ebola, na bibi yake akafuata. Tulioishi Bwera tunakumbuka namna watu walivyotuangalia. Lakini tukumbuke pia kwamba ni wauguzi wa Bwera waliomhudumia yule mtoto, na ugonjwa haukuenea mjini. Waliacha kupeana mikono kanisani, wakainamiana vichwa. Hakuna aliyesema kuinama si salamu ya Kikristo.

Halafu 2023. Jumapili ya 15 Januari, Kasindi, ng'ambo tu ya Mpondwe, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Zaidi ya 10 walikufa. Miezi mitano baadaye, usiku wa 16 Juni, ADF walivuka na kushambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, mabweni yalichomwa. Majirani waliwasimulia waandishi wa habari kwamba usiku ule, kabla ya yote, waliwasikia wanafunzi wakiimba nyimbo za injili.

Sijui niandike nini chini ya sentensi hiyo. Nimesoma waliosema Mungu aliwaandaa wale watoto kwa wimbo. Nimesoma waliosema wimbo haukuwasaidia kitu. Zote mbili naziona zimesemwa haraka mno. Waliimba kwa sababu ndiyo desturi ya shule za huku, kuimba kabla ya kulala, na bado shule nyingine zinaimba. Kama wewe ni mfanyakazi wa shirika na unaona vijana wanaacha mkutano wako wa saa 11 jioni kwenda kwenye kwaya, usiandike kwenye ripoti kwamba hawana nia. Kwaya ndipo wanapohesabiana nani amekuja na nani hayupo, nani hajala, nani ameanza kunyamaza. Nimeona kwaya ikichangia nauli ya mtu kwenda Kagando hospitali kabla fomu ya rufaa haijapata sahihi. Na ninyi vijana wenzangu, kwaya isiwe sababu ya kukataa kuongea na mshauri wa afya ya akili. Apolo alikuwa na maono, ndiyo, lakini alikuwa na jembe pia.

Maisha yaliyobaki ya Apolo yalikuwa marefu na mengi yake hayana tukio la kusimulia. Alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi 1903. Miaka mingi alihudumu Toro. Wazungu walipokwisha kukubaliana mpaka, Mboga ikabaki upande wa Wabelgiji. Mwaka 1915 Apolo akahamia tena huko, na akabaki. Yaani akiwa na miaka 50 akawa mgeni katika koloni la watu wengine. Mwaka 1921 akaanza kuwafikia Wambuti wa msituni, watu ambao majirani wengi hawakuwahesabu kuwa watu kamili, na akafanya kazi ya kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, cheo kikubwa, naye akaendelea kukaa kule kule porini. Aliandika shajara kwa Kiganda, na ni kwa sababu hiyo tunajua mengi. Ninyi mnaosema hamna cha kuandika, mtu huyu aliandika akiwa na taa ya mafuta na mbu wa Semliki.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya Waganda ilikuwa mtu azikwe kichwa kikielekea kwao, na kwao Apolo ilikuwa mashariki. Yeye aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha.

Kanisa Anglikana la Kongo limetokana na kituo hicho kimoja. Na halikuenea hasa kwa mikutano mikubwa ya injili. Lilienea kwa watu kuhama: wafanyabiashara, vibarua, wanawake walioolewa mbali, watu waliokimbia vita vya miaka ya 1960 na vya baadaye. Familia inafika Bunia au mji mwingine, haijui mtu, inaanza kusali sebuleni kwa lugha ya nyumbani. Baada ya mwaka kuna kanisa. Wengi wenu mmeona jambo hilo hilo likitokea Rwamwanja, chini ya turubai.

Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, siku ile ile ya kumkumbuka Apolo ikiwa ndiyo kwanza imeisha, Boga na Tchabi zilishambuliwa. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wengine wakiwa tayari wakimbizi wa ndani walioweka mahema pale wakidhani wamefika. Waliosalia walitawanyika tena. Baadhi ya waliotawanyika kutoka pande zile tuko nao hapa, wanauza matoke na viazi, wanasuka nywele, wanangoja kadi.

Basi naomba kitu kimoja. Kama kwenu kuna mzee wa Boga, Tchabi, Nyankunde au Bunia, kaa naye jioni moja, muulize alisikia nini kuhusu Apolo kutoka kwa wazazi wake, na muulize jina la Tabaro linatajwaje kwao mpaka leo. Akianza kuimba nyimbo za zamani za kanisa lao, usimkatize. Washa simu, rekodi, na uandike jina la kijiji chake.